Sikilidi wapole kwenye baridi ya Mbeya

Mteja mgeni akiingia kibandani kwangu kupimwa gauni, swali lake la kwanza si bei. Anatazama tangi la samaki ukutani, anainama mpaka pua inakaribia kugusa kioo, halafu: "Fundi, hawa mnawala?" Nikimwambia hawaliwi, linafuata la pili: "Sasa na baridi yote hii wanaishije?" La kwanza huwa tunacheka. La pili ndilo limenikalisha leo niandike, kwa sababu liliniulia samaki wengi kabla sijalipatia jibu.

Mimi nashona Soweto, hapa Mbeya mjini. Tangi langu kubwa lina urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 40. Ndani yupo kribensi dume na mkewe, ramu wa Bolivia mmoja, na hao watatu ndio sikilidi, kisha tetra kumi na wanne, visamaki vya kuogelea kwa kundi, na kambale mdogo wa ndevu anayelamba vioo usiku. Chini ya meza ya kukatia kuna tangi jingine dogo la samaki wanaolala ndani ya nyumba za konokono. Hao nitawafikia.

Jina sikilidi lisikutishe. Sato ni sikilidi, perege ni sikilidi, na furu wa Ziwa Victoria ni hao hao. Kama umewahi kukaanga samaki wa maji baridi, ukoo huu unaujua. Na hapohapo kwenye "maji baridi" ndipo wengi tunapoponzwa. Kiswahili kinapowaita samaki wa maji baridi kinamaanisha maji yasiyo na chumvi ya bahari. Hakimaanishi maji ya Mbeya mwezi wa saba.

Mtu wa huku akisikia sikilidi anawaza Matema kule Nyasa, na ni haki yake. Ziwa Nyasa lina mamia ya spishi zao, nyingi hazipo kwingine popote duniani. Mwaka 2017 mpwa wangu alinishushia ndoo kutoka huko, ndani samaki saba wa bluu, wazuri kuliko kitenge chochote nilichowahi kukata. Nikawamimina kwa gapi wangu, visamaki vidogo vya mikia mipana. Siku ya nne gapi waliosalia walikuwa wawili, na mikia hawana. Wale ni mbuna, samaki wa miambani. Wanakwangua mwani juu ya mawe na dume analinda jiwe lake kama shamba la urithi. Wanaowajua huwafuga peke yao, wengi kwa pamoja, ili ugomvi ugawanyike asionewe mmoja. Ni ufugaji mzuri, lakini si wa tangi la mchanganyiko. Baadaye afisa uvuvi mmoja aliyekuja kupunguza suruali akanieleza kwamba kuvua samaki hai wa mapambo kunataka kibali. Sikujua, na mpwa wangu hakujua. Wewe sasa unajua.

Tangi na meza

Hapa sitakaa sana. Fundi wa vioo yeyote wa Mwanjelwa anaweza kukutengenezea, mradi umsimamie kwa mambo mawili. Kioo kiwe milimita 8 kwa ukubwa kama wa kwangu, na silikoni iwe ile ya kawaida inayonuka siki, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni yenye dawa inaua samaki polepole nawe unabaki kulaumu chakula. Likishakauka kwa siku kadhaa, lijaze maji, limwage, lijaze tena, mpaka harufu iishe.

Maji ya tangi hili yana uzito wa karibu kilo 160, bado kioo, mchanga na mawe. Meza yangu ni ya paina, miguu sita, na juu yake nimetandika kipande cha godoro jembamba kabla ya kuweka tangi, kwa sababu punje moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kukipasua. Usiliweke dirishani. Mchana jua litakuoteshea mwani, na usiku dirisha ndilo linaloingiza baridi.

Baridi yenyewe

Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700. Samaki ninaowazungumzia, wawe wa asili ya Nigeria au Bolivia, wamezoea nyuzi 24 hivi kwenda juu. Julai moja niliacha kipimajoto ndani ya ndoo ya maji hapa kibandani usiku kucha. Saa kumi na mbili asubuhi kilisoma 12. Samaki hawa ukiwatia kwenye nyuzi 12 umewazika. Kwenye 19 hawafi siku hiyo, ndiyo maana watu hudanganyika. Wanaacha kula, rangi inafifia, wanajikunja pembeni, na wiki ya pili wanatokwa na vidoa vyeupe kama wamenyunyiziwa chumvi.

Kwa hiyo hita si pambo. Kwa huku kwetu piga hesabu ya wati moja na kidogo kwa kila lita. Mimi ninazo mbili za wati 100, moja kila upande wa tangi, wala si moja ya wati 200. Hita zina tabia mbili mbaya: hufa zimezima au hufa zimewaka. Moja kubwa ikigoma kuzima itakuchemshia samaki supu. Ndogo ikigoma kuzima haina nguvu ya kufika huko, na ndogo ikifa, mwenzake anashikilia mpaka uamke. Nimezitega kwenye nyuzi 25.

Kisha fanya kama unavyomvisha mtoto. Yale mapande meupe mepesi yanayokuja na televisheni kwenye boksi, yakate ubandike nyuma na ubavuni mwa tangi, na chini ya meza pia. Juu funika kwa kioo, maana joto jingi hupotelea juu. Kabla ya hapo, Julai tangi hili peke yake lilikuwa linanilia karibu uniti tatu za umeme wa LUKU kwa siku. Sasa ni kama mbili. Waya wa hita uuache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda, ili tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Na kila unapopunguza maji, chomoa hita kwanza, subiri robo saa ipoe. Nimeshapasua moja kwa kusahau.

Sasa umeme ukikatika. Usiku mmoja wa Julai 2019 ulikatika saa moja jioni ukarudi kesho yake mchana. Saa sita usiku kipimajoto kilikuwa 19. Nikachemsha maji, nikayaacha yapungue moto kidogo kwa sababu chupa za plastiki hujikunja kwa maji yanayotokota, nikajaza chupa nne za lita moja na nusu, nikazifunga na kuzitumbukiza zote kwa mpigo. Joto lilipanda kama nyuzi mbili, vizuri kabisa. Maji nayo yalipanda. Yakamwagikia gauni la harusi la mtu lililokuwa limetundikwa kwenye kiti. Toa kwanza lita sita kwenye ndoo ndipo utie chupa. Mwenye gauni nilimpigia pasi saa kumi na moja alfajiri, kwa pasi ya mkaa, mlango wazi. Nasema mlango wazi kwa makusudi: usikubali mtu akushauri kuwasha jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kuwapasha samaki. Hewa yake inaua watu.

Blanketi juu ya tangi, chupa zibadilishwe kila saa na nusu, usipandishe zaidi ya nyuzi mbili kwa saa, na usiwape chakula mpaka umeme urudi. Usiku ule nilipoteza tetra wawili.

Kama yote haya yanakuchosha, fuga samaki wa dhahabu. Wao Mbeya ni kwao, hita hawaitaki, na sitakudharau. Usiwachanganye tu na hawa.

Maji, na wiki sita za kutofanya kitu

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye pipa lililo wazi kutwa na kucha, ukiweza pampu ya hewa iwe inatibua, klorini itoke. Maji ya mvua, ambayo watu wa Tukuyu wanayo kuliko wanavyoyahitaji, hayana madini kabisa. Ukiyatumia peke yake pH, kipimo cha uchachu wa maji, inaweza kuporomoka wiki moja bila kukuaga. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba, na mvua ya kwanza iache isafishe bati.

Halafu linakuja jambo lililoua kundi langu la kwanza, mwaka 2016, bila msaada wa baridi. Samaki anakula, anakunya na kupumua mahali pamoja. Uchafu wake unatoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huvumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao hukaa kwenye sponji ya filta, yaani chujio la maji, na mchangani, na tangi jipya halina hata mmoja. Wanahitaji wiki nne mpaka sita kuzaliana, na maji yakiwa ya baridi ni zaidi. Mimi nilinunua samaki siku ya pili. Maji yalikuwa maangavu kama ya chemchemi. Siku ya nane walikuwa wanahema juu kama wametoka kupanda mlima Loleza.

Kwa hiyo washa filta na hita kana kwamba samaki wamo, tia chakula punje chache kila siku kioze, na subiri. Vijiti vya kupimia amonia na nitriti ndiyo fedha nzuri kuliko zote utakazotumia hapa. Amonia ikipanda ikashuka mpaka sifuri, nitriti nayo ikafuata njia hiyohiyo, tangi liko tayari. Ukimfahamu mtu mwenye tangi zee lisilo na ugonjwa, mwombe sponji chafu uikamulie kwenye filta yako. Utaokoa nusu ya muda. Na sponji yako usiioshe kamwe kwa maji ya bomba, klorini itawaua wale uliowasubiri wiki sita. Ikamue ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini.

Nyumba ya kupanga

Hapa ndipo nataka tukae, maana watu hunijia wakisema, "Fundi, nilinunua samaki wapole, dukani waliniambia wapole, mbona wanauana?"

Tangi la mchanganyiko ni nyumba ya kupanga. Umewahi kukaa nyumba ya vyumba sita, choo kimoja, uwanja mmoja? Ugomvi wa pale hauletwi na watu wabaya. Unaletwa na kamba ya kuanikia. Sikilidi, hata aliye mdogo kama kidole, ni mpangaji anayetaka chumba chenye mlango. Akikipata, atatulia. Asipokipata, uwanja wote anauhesabu kuwa chumba chake.

Kwa hiyo vyumba kwanza, wapangaji baadaye. Mchanga uwe laini, wa mtoni, ulioshwa mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu hawa huuchota mdomoni, wakala kilichomo na kuutema kwa mashavu. Kokoto zenye ncha huwachana. Mawe yapimwe kwa siki: dondoshea, likitoa povu ni la chokaa, litapandisha pH. Mengi ya upande wa Songwe kunakochimbwa chokaa yatatoa povu. Yale meusi na yale mepesi yenye matundu kutoka upande wa Rungwe, yaliyotemwa na volkano, hayana neno. Gogo langu ni la mpera mkavu uliochemshwa mara tatu. Paina usithubutu, ina utomvu.

Vyumba vyenyewe ni vyungu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, pale jirani na Matema, wanafinyanga vyungu ambavyo huletwa mpaka sokoni kwetu, na vidogo vyake ni kama vimetengenezewa kribensi. Chagua chenye mdomo wa sentimita nne hivi, loweka wiki nzima ukibadilisha maji, kilaze ubavu, zika theluthi yake mchangani, na mdomo uelekeze ukutani, usiuelekeze kwako. Najua unataka kuona ndani. Samaki hataki uone. Kifuu cha nazi kilichotobolewa pembeni kinafaa vilevile. Vyungu viwe vingi kuliko jozi, na kutoka mlango wa kimoja mtu asiweze kuona mlango wa kingine. Weka jiwe au mmea katikati. Anubiasi ni mzuri, unafungwa kwa uzi juu ya jiwe na hauna mizizi ya kufukuliwa.

Sasa nikuonyeshe ilivyokuwa kwangu. Machi moja jike la kribensi tumbo lilimwiva likawa kama zambarau iliyopasuka. Akawa anajikunja mbele ya dume kama herufi S, anatetemeka, anaelekea chunguni, anageuka kuangalia kama anafuatwa. Kisha akapotea. Siku tatu sikumwona, dume anazunguka nje kama mlinzi wa benki. Nikajua amekufa. Siku ya kumi nikiwa natunga uzi kwenye sindano nikaona vumbi linatoka mlangoni pa chungu. Vumbi lenye macho. Mama mbele, watoto sijui themanini nyuma yake, akitikisa tumbo wanashuka mchangani wote kwa pamoja, akiacha wanainuka.

Ile furaha ilikaa mpaka saa nne. Saa nne tetra wote kumi na wanne walikuwa kona moja nyuma ya filta, wamebanana kama abiria wa daladala ya Kabwe jioni, na dume anapita mbele yao akirudi na kupita tena. Hakumjeruhi mtu. Alikuwa amechukua sentimita 80 za tangi, akawaachia 20.

Nilitaka kuwahamisha wazazi. Jirani yangu fundi seremala, ambaye samaki hawajui ila wapangaji anawajua, akasema, "Mwekee ukuta." Nikalitoa lile gogo la mpera nikalilaza katikati, upana mzima, likabakiza nafasi juu tu. Chungu cha pili nikakitoa upande wa wazazi. Ndani ya nusu saa dume alikuwa akifika kwenye gogo anasimama, anatanua mapezi, anarudi. Ng'ambo tetra wakafunguka. Haikuwa gogo la kumzuia, anaweza kuliruka muda wowote. Alihitaji tu kujua kwake kunaishia wapi.

Tangu hapo neno "mpole" la dukani nalisoma hivi: samaki asiye na watoto leo, mwenye mlango wake.

Nani akae na nani

Kribensi ndio ninaompendekezea anayeanza. Jina lake la kitabuni ni Pelvicachromis pulcher, kwao ni kusini mwa Nigeria na Kamerun. Dume hufika sentimita kumi, jike saba. Anavumilia maji ya aina nyingi na nyuzi 24 zinamtosha. Jozi moja kwa tangi la mita moja, basi. Madume wawili ni kesi. Ukiweza nunua wadogo watano, waache wachaguane wenyewe, na wasiopata wenza wape wengine.

Ramu wa Bolivia, Mikrogeophagus altispinosus, ni mtu wa uwanjani, hahitaji chungu. Anachuja mchanga siku nzima, na kwa hiyo hagombanii chumba na kribensi. Ninaye mmoja tu kwa sababu akiwa mmoja hana cha kulinda. Wakiwa jozi nao wataweka mayai juu ya jiwe na utahitaji ukuta wa pili.

Ramu wa bluu, Mikrogeophagus ramirezi, utamwona dukani na utampenda. Mwache. Kwao ni mbuga za Orinoko, Venezuela na Kolombia, anataka nyuzi 27 mpaka 30. Njombe au Mbeya utakuwa unamlipia umeme kama mgonjwa wa wodini, na hizo nyuzi tetra wengi watachoka nazo. Nilikuwa na wanne. Hakuna aliyefika Septemba. Oska naye anauzwa akiwa na sentimita nne, ana macho ya huruma. Atafika thelathini na atawala wengine wote. Samaki malaika ni mstaarabu mpaka mdomo wake utoshe tetra mdogo.

Wa juu ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Sikilidi peke yao tangini hujificha, wakidhani kimya kile kina hatari. Wakiona tetra au rasbora kundi zima linaogelea bila wasiwasi, nao wanatoka. Nunua kumi au zaidi, wawe wakubwa wa kutosha wasimezwe. Koridora, kambale wadogo wa chini, sikushauri kuwaweka na kribensi. Ni wapole kupita kiasi: wanafukuzwa mlangoni pa chungu, wanaondoka hatua mbili, wanarudi kuuliza walichofanya. Wangu mmoja alitolewa jicho.

Wale wa chini ya meza ni Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika. Dume hafiki sentimita tano, na kila mmoja anaishi ndani ya nyumba tupu ya konokono aliyoizika mchangani. Dada yangu wa Sumbawanga aliniokotea nyumba hizo ufukweni Kasanga. Tangi la lita 60 linawatosha ukoo mzima, lakini peke yao, kwa sababu wanataka maji magumu, yenye madini mengi, na pH ya 8 na zaidi. Yale mawe ya chokaa niliyokuambia uyakatae, huku ndiyo mahali pake.

Kutoka Dar

Wengi tunaagizia Dar es Salaam, na basi linapita zaidi ya kilomita 800 mpaka kufika. Mwambie muuzaji asiwalishe siku moja kabla, mifuko ijazwe oksijeni, na boksi liwe la lile povu gumu jeupe. Kuanzia Kitonga kwenda juu buti la basi linapoa, na Makambako usiku ndiyo mbaya zaidi. Agiza kati ya Oktoba na Machi. Mtu wa Iringa ana nafuu kidogo, wa Njombe hana.

Wakifika, zima taa ya tangi, acha mfuko uelee juu ya maji dakika ishirini ukiwa umefungwa ili joto lilingane. Kisha ufungue, watoe kwa wavu, watie tangini, maji ya mfuko yamwagwe nje. Watu hupenda kuwaongezea maji kikombe kimoja kimoja kwa saa nzima. Kwa safari ya nusu saa ni sawa. Kwa safari ya usiku kucha, maji ya mfuko yamejaa amonia ambayo haijawaumiza kwa sababu pH ndani imeshuka. Mfuko ukifunguliwa hewa inabadilika, pH inapanda, na amonia ileile inakuwa kali. Usiwacheleweshe humo. Na tangi hilo liwe la pembeni, wageni wakae humo wiki mbili hadi tatu, hata kama ni beseni kubwa lenye sponji na hita. Vidoa vyeupe vikitokea huko, pandisha joto polepole mpaka 30, ongeza hewa, uache hivyo siku kumi na zaidi. Vimelea hivyo dawa haivigusi vikiwa ndani ya ngozi. Joto huviharakisha vitoke, na kutoka ndipo vinapokufa.

Chakula na Jumamosi

Chembechembe za dukani asubuhi na jioni, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili. Njegere iliyochemshwa na kumenywa, mara moja kwa wiki. Viluwiluwi vya mbu wanavipenda kuliko vyote. Ukivifuga kwenye ndoo uani hakikisha unavichuja vyote kila siku kwa chujio la chai, la sivyo utawalisha samaki na kuwagawia majirani mbu. Usipa mkavu nilijaribu kuutwanga nikautia, ukaacha mafuta juu ya maji na paka wa jirani juu ya kifuniko.

Siku nikisafiri simwachii mtu chakula. Samaki wazima wanakaa wiki bila kula. Mtoto aliyeachiwa kopo hawezi kukaa wiki bila kulisha.

Wakizaana mpaka wakuzidi, gawa au rudisha dukani. Usiwamwage mtoni, hata mmoja anayeonekana kama hatafika mbali. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na furu wa aina nyingi walioisha hatutawaona tena. Mito yetu mingine inashuka Nyasa, kwa ndugu zao hawa hawa.

Jumamosi nabadilisha robo ya maji. Nachomoa hita, nanyonya uchafu wa mchangani kwa mpira, natia maji mapya niliyoyapasha yafanane na ya tangini, napima kwa mkono na kwa kipimajoto pia kwa sababu mkono wa fundi unaoshika pasi hauaminiki. Yale yanayotoka, ya njano kidogo yenye nitrati, nilikuwa nayamwaga barabarani. Siku hizi mama wa chumba cha nyuma ananigongea saa nne kamili na ndoo zake mbili, anayapeleka kwenye chainizi. Wiki iliyopita nilichelewa kufungua. Nikamkuta amekalia ndoo mlangoni.